Sufiani Mhina, Aliyejibu kwa Kitufe

Masheikh wetu, wazee wa Kwamsisi mliofika na uchovu wa safari, majirani wa hapa Dindira, na ninyi wenzake wa mkonge na wa redio, familia inawasalimu, na kabla hatujamswalia kaka yetu inaomba mmsikilize kidogo, kwa kuwa tunajua wengi mmekaa na swali rohoni tangu jana, kwa nini mtoto wa Kwamsisi amechimbiwa kaburi huku mlimani, asilazwe kando ya baba yake kama ilivyo desturi yetu.

Marehemu Sufiani Mhina alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 kijijini Kwamsisi, wilaya ya Handeni, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Mhina na mama Mwaija, akasoma shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha sekondari mjini Korogwe hadi mwaka 1979, baadaye akajifunza ufundi wa redio Tanga, ingawa kabla ya kufundishwa na mtu alikuwa ameshafungua kila redio ya jirani aliyekosea kumwachia, na si zote zilizorudi kuimba.

Mwaka 1983 aliajiriwa kuwa fundi wa redio za upepo katika shamba moja la mkonge karibu na Mazinde, ambako wanyapara wenye mikono iliyojaa kazi walizoea kubonyeza kitufe cha redio mara mbili bila kusema neno, maana yake nimesikia, na aliyekuwa akiwapokea ofisini ni binti wa hapa Dindira, Mwanaidi, ambaye kaka yetu alianza kumbonyezea hata pale ambapo hakuna aliyemwambia kitu, mpaka shamba zima likajua kinachoendelea. Walifunga ndoa tarehe 11 Juni 1988, wakajaliwa Hafsa mwaka 1990 na Muhsin mwaka 1994, na alipoacha kazi mwaka 2005 walijenga hapa, akapata leseni ya redio ya ridhaa, ile ya kuzungumza na wenzake hewani kwa mapenzi tu, akasimamisha uani ule mlingoti wa antena mnaouona, ambao marehemu mama mkwe wake aliuita mgeni asiyeaga.

Aprili 2011 aliichukua redio yake ya VHF akaenda kwenye kisiwa kidogo kisicho na wakazi, mbali kidogo na pwani ya Pangani, apate kujua kama sauti itafika hadi milima hii, boti ikamshusha yeye kwanza na kurudi kuwachukua wenzake, na nyuma yake bahari ikachafuka kiasi kwamba hakuna nahodha aliyekubali kuondoka. Dhoruba ilichana hema lake, maji ya chumvi yakaua kipaza sauti, akabaki amejikunyata chini ya turubai, kisiwa chote kikiwa hakifiki ukubwa wa uwanja wa mpira, akiwasikia redioni wenzake wa ridhaa wa Tanga wakimwita, kisha wakiulizana kama ameshazama, kisha wakijadili nani atampelekea mkewe taarifa, na yeye yupo, anasikia kila neno, hana njia ya kuwaambia. Akabonyeza kitufe, wakakemea wakidhani kuna mtu amekalia redio yake. Alikuwa akituambia kwamba mawimbi hayakumtisha kama kule kusikia anazungumzwa kana kwamba hayupo.

Mwanaidi, aliyekuwa hapa nyumbani kwenye redio, aliijua mibonyezo ile, akawaomba wote wanyamaze, akauliza kama ni Sufiani, akajibiwa mara mbili, akauliza kama ameumia, kimya, yaani hapana, kama chakula kipo, kimya, kama ataweza kuvumilia mpaka bahari itulie, na baada ya kusubiriwa sana ndipo akabonyeza mara mbili. Boti ilimfuata bahari ilipopoa, akafika hapa amekonda, akaomba chai kabla ya kusalimia mtu.

Tarehe 3 Novemba 2023 kaka yetu alipata kiharusi, kikachukua upande wake wa kulia na sauti yake yote, wageni wakawa wanasimama kando ya kitanda wakisema maskini huyu hajui tena kitu, na ukoo ukafanya kikao sebuleni, mlango wa chumba chake ukiwa wazi, ukapanga kwamba akifa atarudishwa Kwamsisi na mlingoti utauzwa. Mwanaidi alipoingia alimkuta analia, akamshika mkono wa kushoto, akamuuliza kama amesikia, naye akaminya mara mbili. Hapo alikiita kikao kizima kitandani, akauliza mbele yetu kama anataka kulazwa Kwamsisi, mkono ukatulia, mzee wetu mmoja akarudia kwa Kizigua, ukatulia vilevile, alipoulizwa kuhusu Dindira akaminya mara mbili, na alipoulizwa tena, mara mbili. Sababu hakuweza kutueleza, wala leo hatumsemei.

Aliaga dunia Jumanne tarehe 6 Mei 2025, asubuhi, hospitalini mjini Korogwe, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe, ambaye alimuuliza kama amechoka, akaminya mara mbili, akamuuliza kama anamsikia bado, na safari hii hakujibu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliozungumza naye kama mtu mzima mwenye akili zake, majirani waliombeba kwenye machela barabara iliposhindikana kwa matope, wafanyakazi wenzake wa mkonge, wanaridhaa wa Tanga, na zaidi ninyi wazee wa Kwamsisi, ambao mngeweza kukataa kuja na mmekuja.

Mlingoti hautauzwa. Kaka Sufiani, tumekusikia, pumzika.