Desderius Bukuru, Msoma Maji wa Ruvubu

Marehemu Desderius Bukuru alizaliwa tarehe 14 Mei 1931 karibu na Mto Ruvubu, wilayani Ngara, mtoto wa pili wa Mzee Laurian. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Hesabu alizipenda, maneno, hapana. Ukimpa shikamoo, ulipata marahaba na basi.

Mwaka 1961 alifunga ndoa na Koleta, wakajaliwa Jovina na Renatus. Mwaka 1963 aliajiriwa na serikali kusoma kimo cha Ruvubu. Ubao wenye namba ulisimikwa ukingoni, naye aliusoma saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, iwe mvua, iwe Krismasi.

Ilipokuja Operesheni Vijiji, mwaka 1974, familia zote zilihamishiwa kijiji cha ujamaa huku mlimani. Yeye akaruhusiwa kubaki. Koleta alimwambia, "Kaa na ubao wako, baba Jovina. Watoto wanataka shule." Wakawa wanaonana Jumapili, kwa muda wa saa moja tu, yeye akipanda huku. Leo tuseme kweli: alikuwa mpweke, na sisi ndugu zake tulimcheka.

Mwaka 1977 Tanzania, Burundi na Rwanda zilikubaliana kulitunza bonde la Kagera kwa pamoja. Ng'ambo, upande wa Burundi, akawekwa msomaji aitwaye Ndayisaba, na kila mmoja alitakiwa kumwuliza mwenzake, kwa kupaza sauti juu ya maji, kabla ya kuandika.

"Kwangu mto umepanda sentimita nne!"

"Hata huku!"

Kisha waliulizana habari za maharage na za magoti. Jamani, mtu yule mkimya alicheka mpaka wachunga mbuzi wakashangaa.

Vita vya Kagera vilipoanza, kiongozi wa mgambo alimjia. "We Bukuru, hizo namba unampigia nani kelele?" Akakatazwa kufungua kinywa kuelekea ng'ambo. Alitii. Ndayisaba aliita asubuhi na jioni. Marehemu aliandika namba yake, akaingia ndani. Ikawa hivyo miezi saba, mpaka Ndayisaba akaacha kuita.

Mwaka 1980 wataalamu wa bonde waliwaita wote wawili Ngara mjini na madaftari yao. Ndipo walipoonana ana kwa ana mara ya kwanza, wala hawakusalimiana. Mtaalamu alifungua daftari la Ndayisaba, akasoma safu ya maelezo: "Nimeita. Kimya." Akafunua ukurasa. "Nimeita. Kimya."

Marehemu alilia mbele za watu. "Nilikatazwa, ndugu yangu. Nilikusikia siku zote."

"Basi," akajibu Ndayisaba. "Kesho nitaita tena."

Tangu Desemba 1982 moyo ulimsumbua. Daktari alimwambia apumzike. Akauliza kama mto nao umeambiwa upumzike. Jumanne jioni alisoma maji, akajibizana na mwenzake, akalala. Alfajiri ya Jumatano, tarehe 9 Machi 1983, alikutwa amefariki.

Ameacha mke, watoto wawili, wajukuu watatu na dada yake, Bonifasia, anayewasomea haya. Ameacha pia Ndayisaba, ambaye bado hana habari. Leo asubuhi waliokwenda kuchukua vitu vya marehemu walimsikia akiita. Hawakujua wamjibu nini, wakanyamaza. Hiyo ni mara ya tatu anaita bila kujibiwa tangu Jumatano.

Koleta, ambaye hajakanyaga ukingo ule miaka tisa, amesema tukishafukia kaburi atashuka yeye, awahi mwito wa saa kumi na mbili.

Mungu ampe kaka yetu pumziko la amani. Amina.