Sufuria Isiyo na Chumvi

Lori halijatoka Arua, Medina, muuza vitenge, alikwisha kujua maradhi ya abiria wawili waliokaa mbele yake. Daktari yuleyule, asubuhi ileile mwezi uliopita, aliwaambia moyo umechoka, na akawakataza chumvi na mizigo.

"Mimi nilikosa pumzi siku mbili tu, ndugu wakanibeba hospitali," alisema Mzee Hamuza, kama mtu aliyepandishwa cheo. "Sasa nyumba yote hakuna chumvi. Bibi, watoto, wote wanakula kama mimi."

"Mimi miguu imevimba tangu mwaka jana," alijibu Kaltumu. "Kwanza walisema ni mimba. Halafu walisema ni uzee. Sasa napika sufuria mbili. Yao iko na chumvi, yangu hapana."

"Na hiyo ya chumvi, nani anaonja?" Hamuza aliuliza.

"Si mimi?"

Medina aliuma kitenge asicheke.

"Pole, mama. Jihurumie," Hamuza alimuusia. "Moyo hapana mchezo."

Koboko, lori liliposimama, Hamuza aliteremka polepole, mkono kifuani, akageukia gunia lake la njugu.

"Mama, nisaidie hii. Mimi nimekatazwa."

Kaltumu alikuwa ameshajitwika.