Vichwa Vinne, Mashine Moja

Benchi la nje ya saluni ya Wembe lina mguu mmoja mfupi uliowekewa tofali, na ndilo linalobeba wajuaji wote wa mtaa. Wajuaji wenyewe ni wawili tu, ila kelele zao ni za watu ishirini. Kuna Kibodi, fundi wa kompyuta mwenye kibanda hapo pembeni, na Mzee Faili, karani mstaafu mwenye chupa ya kahawa, ambaye hajawahi kumiliki kompyuta wala kukosa la kusema juu yake. Wembe ndiye kinyozi: kiti kimoja, mashine moja, na hamu ya kumridhisha kila mtu, ugonjwa usio na dawa. Tangu saluni ya viti vitatu ifunguliwe ng'ambo ya barabara, wateja wake wakingoja kidogo tu, huvuka. Na Jumamosi hii alikuwa na jambo zito. Mpwa wake alikuwa anaoa mchana. Ukoo mzima ulitaka kijana akanyolewe ng'ambo, dada yake Wembe peke yake ndiye aliyegoma. "Mjomba wake yuko hai," alisema, "atamnyoa mjomba wake." Wembe alikesha kwa furaha, masikini.

Mpwa alipofika aliwakuta mbele yake dereva wa lori na mwalimu, wote wawili macho ng'ambo.

— Hawa wataondoka, Wembe alimnong'oneza Kibodi. Nifanyeje?

— Fanya kama kompyuta. Wewe unadhani kompyuta ina mikono mingapi?

— Mingi.

— Wapi! Ile ya kizamani ina mmoja, kama wewe. Ila haimngojeshi mtu. Inaugusa muziki kidogo, inauacha. Inaigusa picha kidogo, inaiacha, inarudi kwenye muziki. Kila mmoja anajiona anahudumiwa peke yake.

— Na zamu anagawa nani?

— Kuna msimamizi mle ndani. Anakata muda vipande vipande. Kipande chako kikiisha unatoka, umemaliza hujamaliza.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Mzee Faili.

— Hiyo inahusu nini, mzee?

— Zamu. Mgeni anakuja, mwenyeji anampisha, anapona.

Mtu mwenye akili timamu angecheka, akaendelea na kazi yake. Wembe akawasha mashine.

Alimnyoa dereva upande wa kushoto. Kibodi, aliyejipa usimamizi bila kuombwa, akapiga makofi: "Muda!" Dereva akashuka, mwalimu akapanda. Makofi. Mwalimu akashuka, mpwa akapanda. Kibodi akatoa na kichwa chake mwenyewe, eti apime mfumo unavyobeba mzigo. Na haki ya Mungu, hakuna aliyetazama ng'ambo tena. Nani angevuka barabara na nusu kichwa?

Wembe alijiona bingwa. Lakini kila mtu alipobadilishwa, ilibidi akung'ute shuka, apanguse mashine kwa spiriti, abadilishe kichana, halafu asimame kukumbuka: huyu ni namba moja au namba mbili? Nilikuwa nimefika sikioni au kisogoni? Jasho likaanza kumtoka.

— Kibodi, mbona sinyoi? Nabadilisha vichana tu!

— Kawaida hiyo. Hata kompyuta lazima ikumbuke kila mmoja aliishia wapi. Fupisha vipande, uwarudie upesi upesi.

Akafupisha. Sasa mtu alikaa, akavishwa shuka, akaguswa mara mbili, akavuliwa shuka.

Wakaja wateja wengine, benchi likajaa, Mzee Faili akaning'inia pembeni na chupa yake.

— Nimeliona tatizo, alisema Kibodi, nusu ya kichwa chake iking'aa juani. Memori! Benchi ndiyo memori yako, na ni ndogo. Ambaye hajaguswa muda mrefu mpeleke uwani. Uwani ndiyo diski: pakubwa, ila mbali. Zamu yake ikifika, unamrudisha.

— Akisahaulika huko?

— Fimbo ya mbali haiui nyoka, alisema Mzee Faili. Kwa hiyo huko atakuwa salama.

Asiyeguswa muda mrefu alikuwa mpwa. Kijana wa adabu, hakuwahi kusema neno. Akaenda uwani, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kati ya taulo mbichi. Kila alipokaribia kuitwa, dereva alifoka kwamba ana mzigo unaoza, akapewa kiti.

— Anayefoka ndiye mwenye haraka, Mzee Faili aliamua. Ofisini kwetu ndivyo tulivyopanga kazi miaka yote.

— Na mnyamavu?

— Mnyamavu tulimstaafisha.

Ndipo dada yake Wembe akatokea, kitenge kipya, manukato yanamtangulia.

— Kaka! Gari linangoja. Mwanangu yuko wapi?

— Yuko… yuko uwani, dada.

— Kwenye diski, shemeji, Kibodi alisaidia. Tunamrudisha sasa hivi.

Kijana akaja, upande mmoja umenyolewa vizuri ajabu, upande wa pili msitu. Dada mtu akashika kiuno. Wembe aliomba ardhi ipasuke, maana alijua neno moja la dada huyu lingetosha, na asingenyoa tena kichwa cha mtu wa ukoo wake.

— Mama, usimgombeze, kijana alisema. Mjomba ana utaratibu wake. Mimi nitangoja.

Hapo ndipo Wembe alipoumia. Bora kijana angevuka barabara.

— Shemeji, ni mfumo, Kibodi alianza. Kila mmoja anapata kipande chake…

Mama hakumtazama. Alivitazama vichwa: cha dereva, cha mwalimu, cha mwanawe, na hicho kinachoongea.

— Hebu niambieni, aliuliza taratibu. Tangu asubuhi, mmemmaliza nani?

Dereva akamtazama mwalimu. Mzee Faili akaanza kutafuta methali kwenye chupa yake ya kahawa. Kibodi akajipapasa upande wenye nywele.

— Kaka, nakuuliza wewe.

Wembe alichukua shuka, akalikung'uta, akamfunga mpwa wake shingoni. Makofi ya Kibodi yalipolia nyuma yake, hakugeuka.