Pisila Vaipuna, Shangazi Aliyezuia Busu

Wasifu huu unasomwa na Uatesoni, mtoto wa kaka yake, ambaye ameombwa na familia awe mpole. Atajitahidi.

Marehemu Pisila Vaipuna alizaliwa tarehe 3 Mei 1951 kijijini Fangale'a, hapa kisiwani Tongatapu, akiwa binti pekee wa Mzee Maile na Bi Lupe. Kaka yake, Semisi, alimbeba mgongoni mpaka alipofikisha miaka sita, maana kwetu dada ni mkubwa hata akiwa mdogo.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kijijini, akajiunga na mafunzo ya uuguzi mwaka 1970 na kuhitimu mwaka 1973. Aliwauguza watu miaka thelathini na minane. Mkobani hakukosa kipande cha sabuni. Jumapili alisimama mlangoni pa kanisa akikagua kucha za watoto, na siku moja mchungaji mwenyewe alimnyooshea viganja kabla hajaulizwa. "Pita," akamwambia, "lakini hicho kidole gumba nimekiona."

Tarehe 11 Septemba 1976 alifunga ndoa na Feleti, fundi wa injini za boti. Walijaliwa watoto wawili, Kalolaine na Sitiveni. Feleti alitangulia mwaka 2009.

Wengi mngependa wasifu huu uruke sasa mpaka kwenye ugonjwa wake. Hautaruka.

Miaka miwili tulifunga mipaka, tukajiona wajanja. Januari 2022 volkano ikalipuka, misaada ikaja, na korona nayo ikaingia. Tarehe 9 Februari Semisi akafa kwa moyo. Pisila akakaa kichwani pa maiti, ilivyo haki ya dada, na neno lake likawa ndilo neno la msiba. Nje watu walikuwa wamejaa, wamevaa kiunoni mikeka yao ya matanga, foleni imefika barabarani. Wamejipanga wambusu Semisi usoni, kama tunavyowaaga wafu wetu wote.

"Habusiwi," akasema.

"Shangazi, watu watatucheka," Uatesoni akamnong'oneza.

"Wacheke. Semisi hamwambukizi mtu. Mtaambukizana nyie, mkimwinamia mmoja baada ya mwingine."

Hapo akajipenyeza Kepueli, mzee wa kanisa, anakohoa.

"Ni majivu ya volkano tu, Pisila. Usituletee uzungu wa hospitali. Huyu ni rafiki yangu."

"Kaa hapohapo, Kepueli. Rafiki yako hana haraka."

Hakuna aliyebusu. Yeye mwenyewe alikaa pale siku nzima, uso wa kaka yake mkono mmoja tu kutoka wake, na hakubusu. Alipofunika jeneza alilaza kiganja juu ya mfuniko, pale ulipokuwa uso. Uatesoni aliona, akatazama pembeni, kwa sababu naye alikuwa amekasirika.

Siku ya tatu Kepueli akapimwa, akakutwa na korona. Aliyemnywesha uji na kumgeuza kitandani ni Pisila, tena akiwa mstaafu asiyelipwa. Alipopona Kepueli, alisema nini? Kwamba ugonjwa aliutoa kwa Pisila. Nanyi mkaamini. Inachukiza kuamini kwenyewe, na inachukiza zaidi kwamba mlijua ni uongo, ila uongo ule uliwafaa kuliko aibu ya kukatazwa na mwanamke mwenye sabuni.

Tangu siku hiyo, alipotoa shavu kusalimia, mlimpa kiwiko. "Nesi, kubusu marufuku," mkacheka. Masharti yaliondolewa, barakoa zikatupwa, lakini kwake viwiko vikaendelea, miaka miwili na ushee. Kanisani benchi lake alikaa peke yake. Msomaji huyu naye alimpa kiwiko mara moja, mbele za watu, ili aonekane yuko na wenzake. Anajichukia kwa hilo mpaka leo.

Kisukari kilimkata mguu Oktoba 2023, kisha figo zikachoka. Alifariki nyumbani kwake tarehe 14 Juni 2024, saa nne asubuhi, Kalolaine akiwa amemshika mkono.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na watoto wanne wa kaka yake. Ameacha pia kijiji kizima ambacho leo kimekuja na mikeka mizuri kuliko yote iliyokuwa kabatini. Kepueli yuko mstari wa mbele na mkeka mpana kupita wote, analia kwa sauti. Mungu amsaidie.

Wiki moja kabla hajafa, Uatesoni alimwambia: "Shangazi, hawa wakija kukubusu nitawafukuza mmoja mmoja. Walikunyima ukiwa hai."

Akamjibu, "Nawe ulininyima."

"Ndiyo, Shangazi."

"Basi ukianza kufukuza, uanze na nani?" Akamvuta shingo, akambusu. "Waache waje wote. Kepueli pia. Ila wanawe mikono kwanza."

Ndoo iko mlangoni, na sabuni ni yake, kipande cha mwisho kilichobaki mkobani. Piteni pale kwanza, mnawe mpaka kwenye viwiko, ndipo mje mumuage.

Lala sasa, Shangazi, na amani ya Mungu ikulaze.