Saa ya Kuruka Nayo Baharini

Ndani ya basi, Wendell Zwicker alikuwa amejifunga skafu mpaka puani, wala si kwa baridi ya Halifax peke yake. Abiria wakijua wewe ni fundi saa, hufiki uendako hujawekewa saa mbovu mapajani. Kwenye kiti cha mbele yake, mama mmoja alikuwa akimweleza mzee asiyemjua kwamba anakwenda kwa fundi kuchukua saa ya marehemu baba yake. Kesho Mwaka Mpya, ataruka nayo baharini, kwenye maji ya barafu, pamoja na vichaa wenzake, kama wafanyavyo kila mwaka.

"Umempa nani?" mzee akauliza.

"Yule fundi wa jirani na kanisa."

"Pole, mwanangu. Mimi nimepiga mbizi bandarini hapa miaka thelathini. Yule habadilishi mpira wa kuzuia maji. Anaupaka mafuta, anaurudisha, halafu anakuapia."

"Lakini ana uso wa upole."

"Hata samaki ana uso wa upole. Mwambie aichovye majini mbele yako, aipashe moto kidogo, kisha adondoshee kioo maji ya baridi. Ukiona ukungu kwa ndani, bahari imeshakaribishwa."

Wendell akazidi kudidimia kwenye skafu. Mpira wa saa ile aliupaka mafuta jana, tena akipiga mluzi.

Basi likasimama karibu na kanisa. Mama akainuka. Wendell akageukia dirisha, akaamua kwamba hata kituo cha mbele si kibaya.

"Wendell," dereva akaita, "leo dukani kwako hushuki?"