Godoro Lililojipasha Joto

Mambo yalianza Jumamosi tarehe 11 Julai 1959, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Nicanor Wamalwa alipolitua godoro dogo la mtoto juu ya benchi la Kagwe na kuwaambia wenzake waliguse. Benchi lenyewe lilikuwa taruma la reli lililochakaa, limelazwa juu ya mawe mawili kwenye pembe ya barabara inayoshuka stesheni ya Thika, na mbele yake Kagwe aliuza kahawa chungu kutoka birika lililokaa juu ya jiko la makaa. Ilikuwa ile baridi ya Julai ya mawingu mazito, mtu anakishika kikombe kwa mikono miwili hata kikishakuwa tupu. Nicanor, ambaye kijiwe kilimwita Vanishi kwa kuwa kazi yake ilikuwa kung'arisha samani katika karakana ya mbao, alisimama kama aliyeleta ng'ombe wa mahari. Nyuma ya benchi alisimama binti yake Selpha, aliyerudi likizo kutoka Makerere alikosomea kemia. Alikuwa ametumwa na mama yake kumwita baba, na hapakuwa na desturi ya mwanamke kukaa pale, kwa hiyo alisubiri na mikono yake ndani ya sweta.

Wa kwanza kuligusa alikuwa Mbaluka, mpishi wa zamani wa jeshi, aliyejiita Meja na watu wakamwachia.

— Haiya! Vanishi, hii kitu iko na homa!

— Si homa, Meja. Ni joto yake. Nimeijaza leo asubuhi, nikaishona, nikaiweka pembeni. Kurudi, naikuta inajipasha. Kesho naipeleka Ruiru kwa binti yangu Benta. Mjukuu wangu atalala kama mtoto wa Gavana.

— Umejaza nini?

— Vitambaa vya kazi. Vile tunapakia mafuta ya linsidi kwa mbao. Fundi mkubwa anataka vifungwe kwa debe yenye kifuniko kila jioni, anafikiri tutaviiba. Jana debe imejaa, anasema nenda tupa mbali. Nitupe pamba nzuri namna hiyo? Nimeiba kweli sasa, basi roho yake itulie.

Wakacheka. Selpha hakucheka. Miezi minne tu iliyopita, mhadhiri wao alikuwa amewaeleza kwa nini vitambaa vya mafuta hayo hufungiwa, na wizi haukuwamo katika sababu zile.

— Baba, alisema. Tulifungue.

— Nini?

— Godoro. Tulifungue sasa hivi, tutandaze vitambaa nje, kimoja kimoja.

Nicanor alimtazama kama mtu aliyeamkiwa kwa lugha asiyoijua. Kisha akawageukia wenzake.

— Huyu amesoma mpaka anaona huruma kwa vitambaa.

Macharia, aliyeitwa Stima kwa sababu aliwahi kuwashikia ngazi watu wa umeme kwa wiki nzima, alijipapasa kidevu.

— Mimi naijua hiyo joto. Ni stima. Waya inapita juu ya karakana, si ndiyo? Stima inadondoka kidogo kidogo kama maji ya paa. Pamba inanyonya.

— Stima idondoke! Kagwe alisema. Na wewe uliyeshika ngazi wiki nzima, mbona hata mkono wako ni baridi kama chura?

— Mimi nilivaa viatu.

— Wacheni, Mbaluka alisema. Huko Burma tulikuwa na blanketi. Askari analala ndani mwaka mmoja, anahamishwa. Wewe mgeni ukijifunika, unasikia joto ya yule mtu. Kitambaa inakumbuka. Hii imeshikwa na mkono ya Vanishi, sugua, sugua, sugua. Sasa inamrudishia.

— Hapo Meja umesema! Nicanor alifurahi. Ni jasho langu hilo. Limekaa ndani linangoja mjukuu.

Kagwe alimimina kahawa, akatikisa kichwa.

— Ni mbao. Si mvule inatoka Uganda? Kule jua ni kali. Mti unakunywa jua miaka mia. Vanishi anasugua, jua inatoka, inaingia kwa kitambaa. Mimi nikipata magodoro mawili kama hii, birika naiweka katikati, makaa naacha kununua.

— Mawili ya nini? Stima alisimama kabisa. Kumi! Unayapanga ndani ya gari moshi, maji inachemka yenyewe, treni inaenda mpaka Nairobi bila kuni wala mafuta. Ngai, Vanishi, wewe utakuwa bwana mkubwa! Shirika la reli litakutumia gari mlangoni.

— Na kuku, Mbaluka aliongeza. Ukimwekea hii, atalalia mayai mia mbili.

Mkono wa Selpha ulikuwa tayari juu ya godoro. Pembeni lilikuwa vuguvugu. Katikati, aliposukuma vidole kwenye mshono, alikutana na joto jingine, zito, lenye harufu ya mafuta iliyokaribia kuwa harufu ya kuungua, au labda ni hofu yake ndiyo iliyolitia harufu hiyo. Hakuwa na hakika, na kutokuwa na hakika kulimtesa kuliko joto lenyewe.

— Baba, mafuta ya linsidi yanakula hewa, alisema. Ndiyo maana yanakauka juu ya meza. Si kama maji yanavyokauka. Haya yanashikana na hewa, na yakishikana yanatoa joto. Juu ya meza joto linapotea, huwezi kulisikia. Ndani ya debe hakuna hewa ya kutosha, kwa hiyo yalitulia. Leo umeyapa hewa, kisha umeyavika gunia. Joto halina pa kutokea. Na likizidi, mafuta yanakula hewa kwa kasi zaidi.

— Mafuta inakula, Kagwe alisema. Na nani ameiwashia moto?

— Hakuna. Yanajiendea yenyewe. Kama kahawa yako inavyopoa, mzee. Unaisukuma ipoe?

— Inapoa kwa sababu hawa wanaongea bila kunywa.

— Lakini umewahi kuiona imepoa, halafu ikajipasha tena hapo kwenye kikombe?

— Hapana.

— Kwa sababu joto linapenda kutawanyika. Ukimwaga sukari barabarani hairudi yenyewe ndani ya mfuko. Kipimo cha mtawanyiko huo tunakiita entropia. Jambo likiuongeza, ukijumlisha kila kitu, laweza kwenda bila kusukumwa.

Stima aliinua kidole kwa furaha ya mwanasheria.

— Umejifunga mwenyewe, binti! Kahawa inapoa. Godoro inapata moto. Vyote viwili vinajiendea namna gani?

Swali lilikuwa zuri kiasi kwamba Selpha kwa sekunde moja alisahau kuogopa.

— Ndiyo maana nimesema kila kitu. Hewa ikifungwa ndani ya mafuta, hapo mtawanyiko unapungua, kweli. Lakini joto linalotoka linaingia kwa gunia, kwa benchi, kwa mkono wako, linatawanya huko nje zaidi ya kilichofungwa humu ndani. Kuna hesabu inayoweka yote mawili pamoja, inaitwa nishati huru. Ikishuka, njia iko wazi. Kwa mafuta haya na hewa inashuka sana. Nimeifanya hesabu yenyewe. Iko wazi kabisa, baba. Vitambaa kama hivi vimechoma maghala.

Hata Mbaluka aliutoa mkono wake juu ya godoro, taratibu, kana kwamba alikuwa akiutoa kwa sababu nyingine.

Wakati huo mwanamume mmoja mwenye koti la mvua alikuwa ameegemeza baiskeli yake kwenye nguzo. Alikuwa ameomba kikombe na kusikiliza akiwa amesimama. Alisema anaitwa Gerishon, ni mpogoa kahawa kwenye shamba moja huko Ruiru, na amekuja Thika kutafuta mnyororo wa baiskeli.

— Samahani, wazee. Samahani, dada. Mimi si mtu wa shule. Hii godoro itawaka?

— Inaweza, Selpha alisema.

— Itawaka lini?

Selpha akafungua mdomo. Aliiona ile hesabu mbele yake, nadhifu, imepigiwa mstari chini, na ndani yake hamkuwa na saa. Hapakuwa na herufi ya wakati mahali popote. Ilisema mlango hauna kufuli; haikusema nani angeusukuma, usiku huu au baada ya mwaka, au kama angekuja kabisa. Kasi ilikuwa somo jingine, na lilitaka vipimo ambavyo hakuwa navyo: mafuta kiasi gani, unene gani, hewa kiasi gani.

— Sijui, alisema.

Gerishon aliwageukia wengine kwa adabu. Stima alitazama waya. Meja alitazama kikombe. Kagwe aliinua birika, likatoa matone mawili ya machicha.

— Basi hajui, Nicanor alisema, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena. Mama yake aliuza mahindi yetu akasome, arudi aniambie mbele ya watu kwamba nampelekea mjukuu moto. Na hajui lini.

Alilitia godoro begani. Selpha alimfuata mpaka nyumbani. Mlangoni ndipo alipomshika mkono wa koti, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utotoni.

— Lilale nje, baba. Nakuomba. Leo tu.

Nicanor alimtazama mkewe, akatazama anga iliyokuwa imeanza kutia umande, akalitupa ndani ya toroli katikati ya ua.

— Lilale nje kama mbwa. Asubuhi nalipeleka.

Asubuhi, kabla baba yake hajavaa koti la Jumapili, Selpha alitoka na mkasi wa mama. Pembeni godoro lilikuwa baridi, limelowa umande. Alikata mshono, akaingiza mkono hadi kiwiko. Katikati kulikuwa na joto bado. Halikumchoma. Vitambaa vya ndani kabisa vilikuwa vya hudhurungi zaidi kuliko vya nje, lakini huenda vilikuwa hivyo tangu karakana. Hakuwa ameviona kabla. Alivitoa vyote, akaanza kuvitundika juu ya ua wa miiba ya kaiyaba uliotenganisha nyumba yao na njia. Watu waliokuwa wakienda kanisani walipunguza mwendo.

Nicanor alitoka, tai mkononi. Alichukua kitambaa kimoja, akakiweka shavuni.

— Kimepoa, alisema. Umeona? Havikuwaka.

— Ndiyo, baba.

— Wewe mwenyewe unaona havikuwaka.

— Naona.

Nicanor alingoja binti yake aongeze neno. Upande wa pili wa ua mtu alicheka, mwingine akamnyamazisha. Selpha aliinamia toroli, akachukua kitambaa kingine, akakikunjua mpaka hakikubaki na mkunjo hata mmoja, akakitundika mbali na vingine.