Mvua ya Kompyuta

Kwenye Landrova ya kutoka Masasi kwenda Newala, kijana mmoja alijigamba kwa mama aliyeketi karibu yake kwamba sauti ya mvua ya kwenye mchezo wa redio, ile redio mpya ya mtu binafsi, aliitengeneza yeye kwa kompyuta. "Kumbe ni wewe!" mama akafoka. "Kijiji kizima cha Chilangala tuliacha ugali tukakimbilia kuanua korosho, na jua linawaka!" "Asante kwa sifa, mama." Mimi niliyekaa nyuma yao ningeomba radhi. Kijana akafungua kompyuta amwoneshe. Papo hapo mvua ikaanza kupiga paa. Tukacheka, hata dereva akasimamisha gari acheke vizuri. "Leo hunidanganyi, mwanangu. Izime." "Bado haijawaka, mama." Magunia ya korosho ya yule mama yalikuwa juu ya gari, bila turubai.